Kompyuta Imekuwa Nzito: Kabla Hujabadilisha Prosesa na Bodi

Wiki ya mwisho ya Juni, siku zile za kufaili ritani za kodi kwa iTax, dada mmoja mwenye saiba (duka la intaneti) kule Umoja, Nairobi, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Fundi, njoo uone mwenyewe. Watu wamepanga foleni mpaka kwa ngazi na mashine ya kwanza bado haijamaliza kuwaka." Siku iliyotangulia alikuwa ameshuka mjini, akaambiwa na muuzaji mmoja kwamba mashine zake zote nne zimezeeka, zinataka bodi mpya (ubao mkuu unaobeba sehemu zote), prosesa mpya (chipu inayofanya hesabu) na RAM mpya (kumbukumbu ya muda). Bei alishaandikiwa. Alikuwa anafikiria kukopa kwa chama.

Nilipofika nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikamwonyesha mistari mitatu. Prosesa: asilimia 9. RAM: GB 3.6 kati ya 4. Diski: asilimia 100, na ilikaa hapo hapo bila kushuka. Prosesa yenyewe ilikuwa Core i5-4570 ya mwaka 2013, na ilikuwa kama mpishi aliyesimama jikoni na mwiko mkononi huku aliyetumwa sokoni hajarudi. Ungemwajiri mpishi mwingine, chakula kingechelewa vilevile.

Tulinunua diski nne za SSD, zile zisizozunguka, na vijiti vinne vya RAM. Mashine zile bado zinafanya kazi, na mkopo wa chama haukuchukuliwa.

Naona jambo hili karibu kila wiki, na huniuma, kwa sababu pesa inayoliwa hapa ni karo ya mtoto au kodi ya nyumba. Basi twende dalili moja baada ya nyingine, tuone ni lini kweli prosesa na bodi vinahitaji kubadilishwa, na ukishajua hivyo, ubadilishe vipi bila kuumia.

Jua kwanza ulicho nacho

Usimwendee muuzaji ukiwa na maneno "nina Core i7" peke yake. Hayo hayasemi kitu. Angalia namba inayofuata. Core i5-4570 ni ya kizazi cha nne, kwa kuwa namba inaanza na 4. Core i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Zikifika tarakimu tano, kama i5-10400, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi: cha kumi. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ilitoka 2022. Hiyo i3 inaiacha hiyo i7 mbali sana, ingawa wengi wakisikia "i7" hufikiri wamepata kubwa.

Programu ya CPU-Z ni ya bure na ndogo. Inakuonyesha jina kamili la prosesa, jina la bodi, toleo la BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya bodi, inayoiwasha kompyuta), aina ya RAM na imekaa kwa vijiti vingapi. Piga picha kurasa zake kwa simu. Picha hizo zitakuokoa dukani kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Kisha tumia mashine kwa kazi yako ya kila siku huku Task Manager ikiwa wazi pembeni. Usiipime ikiwa imelala. Ipime pale pale inapokukera, na uandike ni mstari upi umefika juu.

Inachukua dakika nyingi kuwaka, na kila unachobonyeza kinafikiria kwanza

Hii ni diski, na ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta data, na kila safari ya mkono huo huchukua takriban milisekunde 10 au zaidi. Windows ikiwaka hutaka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina kitu kinachozunguka. Kipande kama hicho hukipata kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2013 ikiwekewa SSD, mwenyewe huuliza kama nimembadilishia kompyuta.

Ukisikia mlio wa "tik, tik" kutoka ndani, acha kila kitu na uhamishe kazi zako kwenye flashi au diski nyingine siku hiyo hiyo. Programu ya CrystalDiskInfo itakuambia hali ya diski. Ikiandika onyo la njano au jekundu, usibishane nayo.

SSD ya SATA, ile inayounganishwa kwa waya kama diski ya zamani, ina faida moja ambayo bodi haina: ukinunua mashine nyingine mwaka ujao, utaichomoa na kwenda nayo. Pesa yake haipotei.

Inaanza vizuri, halafu ukifungua tabo nyingi inakwama

RAM imejaa. Kompyuta inaanza kutumia diski kama ghala la dharura, na kama diski ni ile ya kuzunguka, unapata matatizo mawili kwa pamoja. GB 4 hazitoshi tena kwa Chrome, WhatsApp na Excel kwa wakati mmoja. GB 8 zinatosha ofisi na saiba. Anayehariri picha au video aanzie 16.

Hapa kuna mtego mdogo ambao umewatesa wengi: Windows ya biti 32 haiwezi kutumia RAM inayozidi GB 4, hata ukichomeka 16. Angalia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta. Kama ni ya biti 32, weka ya biti 64 upya kabla ya kununua kijiti.

Na kama bodi ina nafasi mbili, vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, hasa kama huna kadi ya picha, kwa sababu grafiki iliyo ndani ya prosesa huazima RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili huipa njia mbili za kupitia.

Iko sawa nusu saa ya kwanza, halafu inapungua nguvu na feni inalia

Joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikishindwa huizima mashine. Mtu akiona hivyo husema prosesa imechoka. Prosesa haichoki namna hiyo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, prosesa zilizokufa zenyewe nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Bodi na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ndizo hufa.

Fungua kasha. Kama unakaa karibu na barabara isiyo na lami, Kayole, Githurai, Mwiki au Pipeline, utakuta vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za nguo kama blanketi kati ya feni na bati la kupoza. Toa kasha nje ya nyumba, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha pulizia. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Feni ile ile huku inaondoa joto pungufu kuliko pwani kwa sababu ya wepesi wa hewa tu, kwa hiyo vumbi linaumiza haraka.

Kisha pesti, ile krimu inayopitisha joto kutoka kwa prosesa hadi bati la kupoza. Mwezi uliopita niliinua bati la mashine ya shule moja, na pesti iliyokuwa chini yake ilikuwa imekauka, imepasukapasuka kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Niliikwangua kwa kadi ya plastiki, nikasafisha kwa kitambaa na spiriti, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Joto lilikuwa nyuzi 97 kabla, likashuka hadi 64 kwa kazi ile ile. Ukirudisha feni ya Intel, hakikisha miguu yote minne imelia "tak". Mguu mmoja ukikaa nusu, utarudi pale pale.

Inajizima ghafla, inajiwasha, au inaleta skrini ya bluu

Sasa tunaingia mahali ambapo watu huuziwa bodi bila sababu. Anza na stima. Je, inazima wakati jirani anawasha pasi au friji inaponguruma? Jaribu kwenye soketi nyingine, jaribu na UPS (betri ya kushikilia stima) ya kuazima. Kisha pawa saplai: azima moja inayojulikana ni nzima, uiunganishe siku moja. Pawa saplai za bei ya chini sana zilizoandikwa wati 500 ubavuni mara nyingi unazijua kwa kuzishika tu, ni nyepesi kama kopo tupu. Sizipendi, na siwezi kuiweka hata moja kwenye mashine ya mteja.

Skrini ya bluu inayobadilisha maneno kila mara, tuhumu RAM. Chomoa vijiti, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha kimoja kimoja. Iache MemTest86 ikimbie usiku mzima. Kosa hata moja likitokea, kijiti hicho hakifai.

Saa inarudi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka

Mzee mmoja alikuja na kasha mabegani akiamini bodi imekufa, kwa sababu eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na benki yake zote zilimwambia muunganisho si salama. Saa ya kompyuta ilikuwa inasoma mwaka 2014. Vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe. Tarehe ikiwa ya uongo, kivinjari hukataa. Betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, iliwekwa, na akarudi nyumbani kabla ya chai ya saa nne.

Windows 11 inakataa kuingia

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft ikatoa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane au Ryzen ya AMD kuanzia msururu wa 2000, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Ndipo wengi huambiwa wabadilishe kila kitu.

Kama prosesa yako ni ya kizazi cha nane kwenda juu na bado inakataa, ingia BIOS. Mara nyingi TPM ipo lakini imezimwa: kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD huitwa fTPM. Iwashe, hifadhi, jaribu tena. Hiyo ni dakika tano, haina bei.

Kama ni ya kizazi cha nne, hakuna prosesa ya soketi hiyo (nafasi prosesa inapokaa kwenye bodi) itakayokubalika rasmi. Kubadilisha prosesa peke yake hakusaidii. Hapo una mawili: uhamie Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambao unaendesha kivinjari na ofisi vizuri sana kwenye mashine za umri huo, au uende kwenye mashine mpya kwako. Mwenye saiba anayehitaji tu kivinjari na kuchapisha, ninamshauri Linux kwa moyo wote, mradi ajaribu printa yake kwanza akiiendesha Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote.

Prosesa asilimia 100, diski na RAM vimetulia

Hapa sasa. Lakini subiri kidogo. Kwenye Task Manager panga kwa safu ya prosesa uone nani anaila. Ukikuta jina usilolijua linakula asilimia 80 hata ukiwa hufanyi kitu, hiyo huenda ni programu ya wizi, inayotumia mashine yako kwa siri, na prosesa mpya itaibiwa vilevile. Ukikuta Windows Update, iache imalize.

Ukikuta ni kivinjari, na inatokea ukitazama YouTube, kuna sababu ambayo wengi hawaijui. YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9. Prosesa za Intel za kizazi cha nne hazina sehemu maalum ya kufungua VP9, kwa hiyo prosesa nzima hujitwika kazi hiyo kwa nguvu. Kizazi cha saba ndicho kilichoanza kuifungua kikamilifu ndani ya chipu. Kuna kiongezo cha kivinjari kinachoitwa h264ify, kinachoiomba YouTube itume H.264, mfumo wa zamani ambao mashine hizo zinauelewa. Nimeona matumizi ya prosesa yakishuka kutoka 90 hadi chini ya 30 kwa hilo tu.

Angalia pia kama ni kiini kimoja cha prosesa (core) kinachojaa au vyote. Bofya kulia kwenye grafu, chagua ionyeshe kila kiini. Kikijaa kimoja huku vingine vimelala, programu yako haijui kugawana kazi, na kununua prosesa yenye viini vingi zaidi vya kasi ile ile hakutakusaidia. Unachotaka ni kizazi kipya zaidi, ambacho kila kiini chake kina nguvu. Vikijaa vyote, kama wakati wa kutoa video ya harusi, basi viini zaidi vitakusaidia moja kwa moja.

Ukifika hapa na umepita yote ya juu, sawa, tatizo ni prosesa. Tuzungumze pesa.

Kubadilisha prosesa peke yake, bodi ibaki

Hii ndiyo njia ya bei ndogo zaidi, na wengi hawaelezwi kwamba ipo. Kama una Core i3 ya kizazi cha nne kwenye soketi ya LGA1150, Core i7-4770 ya kutumika huenda ikakaa pale pale. Kutoka viini viwili hadi vinne vyenye nyuzi nane za kazi (threads). Prosesa za kutumika ni kati ya vitu vichache ninavyonunua bila wasiwasi, kwa sababu ile niliyosema: hazifi ovyo.

Masharti ni matatu. Soketi iwe moja. Bodi iwe inaijua prosesa hiyo, na hili utaliona kwenye orodha ya mtengenezaji wa bodi, si kwa kukisia. Na upoozaji uwe unaweza kubeba wati zake.

Mtego mkubwa uko kwenye LGA1151. Kizazi cha sita na cha saba kilitumia soketi hiyo, na cha nane na cha tisa pia kikatumia soketi ya jina hilo hilo. Lakini bodi za cha sita na saba hazikubali prosesa ya nane. Inataka bodi za msururu wa 300. Prosesa inaingia kabisa kwenye soketi, mashine haiwaki. Kijana mmoja alinunua i5-8400 akaenda nayo nyumbani Kasarani kwa furaha, akarudi kesho yake na huzuni, na muuzaji akamwambia iliyouzwa hairudi.

Wenye AMD wana bahati kidogo. Soketi ya AM4 ilipokea Ryzen kuanzia msururu wa 1000 wa mwaka 2017 hadi 5000. Ukiwa na bodi ya B450 yenye Ryzen ya mwanzo, unaweza kuruka hadi Ryzen 5 5600. Ila sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, na ufanye hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Stima ikipotea katikati ya kusasisha BIOS, bodi inaweza kufa pale pale.

Kubadilisha bodi, prosesa na RAM

Hii ndiyo aliyokuwa ameandikiwa yule dada, na hapa ndipo hesabu za dukani husahau vitu. RAM ya DDR3, ya zamani, haiingii kwenye bodi ya DDR4, inayoifuata. Pengo lake limekaa mahali pengine, na usijaribu kulisukuma. Bodi za Intel za kizazi cha 12 hadi 14, soketi ya LGA1700, nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5, kwa hiyo soma jina la bodi mpaka mwisho. Windows iliyokuja na mashine hufungwa kwenye bodi. Ukibadilisha bodi, huenda ukahitaji leseni nyingine.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote kwetu Nairobi ni kasha lenyewe. Kompyuta nyingi za ofisi na saiba hapa ni zile za ex-UK, yaani za kutumika kutoka Uingereza: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine nzuri sana. Lakini ndani yake si za kawaida. Pawa saplai ya bodi ya kawaida hutoa plagi ya pini 24. Nyingi za Dell na HP za ofisi zina plagi kuu ya pini 8 au 6, na Lenovo nao wana yao. Waya wa swichi ya kuwashia nao una plagi yake. Kwenye yale makasha membamba, hata matundu ya skrubu hayalingani na bodi ya dukani. Kwa hiyo aliyekwenda kununua bodi na prosesa tu, hujikuta amenunua pia pawa saplai na kasha. Amenunua kompyuta mpya nzima, ila kwa vipande.

Tena kuwa makini na herufi za mwisho. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama i3-12100F, haina grafiki ndani. Ryzen 5 5600 haina pia, lakini 5600G inayo. Ukinunua isiyo nayo na huna kadi ya picha, mashine itawaka, feni itazunguka, skrini itabaki nyeusi, na utafikiri umeuziwa bodi mbovu.

Njia hii inafaa kwa nani? Kwa mwenye kasha la kawaida, pawa saplai nzuri na kadi ya picha ambayo bado ina maisha. Kijana anayehariri video za harusi alikuwa navyo vyote vitatu. Tulimpa bodi ya B550, Ryzen 5 yenye viini sita na RAM ya GB 16, vingine vyote vikabaki. Kazi aliyokuwa akiiacha ikitoa usiku kucha sasa inaisha akila chakula cha jioni.

Kuuza uliyo nayo na kununua nzima

Kwa wengi wanaoniuliza, mimi huwaelekeza hapa. Mashine nzima ya ex-UK yenye Core i5-8500, viini sita, RAM ya DDR4 na Windows 11 inayokubalika rasmi, mara nyingi humaliza ubishi wa bodi na prosesa, kwa sababu kasha, pawa saplai na leseni vimo ndani. Chomoa SSD yako ya sasa, ihamishe, na uuze ile ya zamani ikiwa na diski yake ya kuzunguka.

Chukua karatasi ugawanye kwa mstari katikati. Upande mmoja andika bei ya bodi, prosesa, RAM, pawa saplai, kasha, feni, leseni na kazi ya fundi. Upande wa pili andika bei ya mashine nzima, utoe utakachopata ukiuza ya zamani. Upande wa kwanza ukizidi wa pili, hata kidogo, nunua nzima. Ukiwa chini kwa robo au zaidi na sehemu zako zingine ni imara, badilisha vipande. Hicho ndicho kipimo changu.

Usinunue ya kizazi cha nne au cha sita leo kwa sababu tu bei yake inavutia, isipokuwa umeshaamua ni Linux.

Ukifika dukani

Luthuli, Moi Avenue na vijumba vya juu vya River Road vina kila kitu, ila nenda na picha zako za CPU-Z. Bei uliza maduka matatu kabla ya kutoa simu kulipa.

"Boss, hii bodi ni sawa?"

"Ni sawa kabisa, kaka. Imetoka kwa kontena juzi."

"Nataka kuiona ikiwaka. Iwekee prosesa na RAM hapa hapa."

"Hakuna haja, hizi tumeshazijaribu zote."

"Basi nitapita baadaye."

Anayekataa kuiwasha mbele yako, mwache. Wapo wengi ambao wataiwasha bila kunung'unika. Kabla hawajaweka prosesa, washa tochi ya simu uangalie ndani ya soketi ya Intel kutoka upande. Pini zote zilale mstari mmoja kama jembe limepita. Mahali mwanga unaporudi tofauti, kuna pini imepinda. Kwa AM4, pini ziko chini ya prosesa yenyewe, kwa hiyo igeuze. Angalia kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo. Vichwa vyake viwe bapa, visivimbe wala kutoa kitu cha kahawia.

Ikishawaka, iache ikimbie dakika 15, ingia BIOS uone joto, chomeka flashi kwenye kila mdomo wa USB. Risiti iandikwe namba ya bodi na siku za waranti kwa kalamu, si kwa mdomo. Waranti ya mdomo nimeshawahi kuidai, nikaambiwa aliyeniuzia amehama duka.

Nyumbani, ukimaliza kufunga, usitupe bodi ya zamani wala kuiuza wiki ya kwanza. Iweke kwenye mfuko ule wa kijivu uliokuja na mpya, prosesa ikiwa ndani yake ili soketi isichafuke, na uiandikie kwa karatasi: imetoka lini, ilikuwa na tatizo gani, ilikuwa inawaka au la. Mpya ikisumbua, hicho ndicho kitu cha kwanza utakachohitaji kurudisha ili ujue kosa liko wapi.

Yule dada wa Umoja ana moja kama hiyo kabatini, chini ya karatasi za kuchapishia. Ilitoka kwenye mashine ya tano aliyoongeza baadaye, ambayo kapasita zake zilikuwa zimevimba kweli. Hiyo tulibadilisha bodi.